Sataranji mwaka 2024: Kijana wa miaka 18 alivyotwaa ubingwa wa dunia

Tarehe 12 Desemba 2024, huko Singapore, kijana Gukesh Dommaraju wa India alifunika uso kwa mikono akalia. Alikuwa amemshinda Ding Liren wa China na kuwa bingwa wa dunia wa sataranji akiwa na miaka 18. Hakuna aliyewahi kuutwaa ubingwa huo usiopingwa akiwa mdogo kiasi hicho. Garry Kasparov, aliyeshikilia rekodi hiyo kabla yake, alikuwa na miaka 22 alipoutwaa mwaka 1985.

Tueleze alivyofika hapo.

Njia ya kumfikia bingwa

Katika sataranji, bingwa hukaa akimsubiri mpinzani mmoja. Mpinzani huyo hupatikana kwenye mashindano ya wachezaji wanane. Mwaka 2024 yalifanyika Toronto, Kanada, mwezi Aprili. Gukesh, wakati huo akiwa na miaka 17, alipata pointi 9 katika michezo 14. Watatu waliomfuata walipata 8.5 kila mmoja. Nusu pointi, yaani tofauti ya kushinda na kutoka sare, ndiyo iliyompeleka Singapore.

Septemba, timu za mataifa zilikutana Budapest, Hungaria. India ilichukua dhahabu ya mashindano ya wazi na ya wanawake, mara yake ya kwanza kupata zote mbili. Gukesh ndiye aliyecheza meza ya kwanza.

Mchezo wa 14

Fainali ya Singapore ilikuwa ya michezo 14. Ding alishinda wa kwanza, Gukesh akasawazisha katika wa tatu. Gukesh alishinda wa 11, Ding akajibu siku iliyofuata. Baada ya michezo 13 walikuwa 6.5 kwa 6.5.

Katika mchezo wa mwisho Gukesh alizidi askari mmoja tu, na wengi waliona sare inakuja. Baada ya sare wangeingia michezo ya haraka. Lakini katika hatua ya 55 Ding, akiwa amechoka, alisogeza ngome yake mahali pabaya.

Anayecheza drafti atalielewa kosa hili upesi. Ukiwa umezidi kete moja, unatafuta kubadilishana kete, kwa sababu ubao ukipungua kete, ile ya ziada inapata nguvu. Aliyezidiwa hukwepa kubadilishana. Hatua ya Ding ilimpa Gukesh nafasi ya kubadilishana ngome, kisha kete nyingine kubwa zilizobaki. Wangebaki wafalme na askari, na askari wa ziada angetosha kumaliza kazi. Hatua tatu baadaye Ding alikubali kushindwa. Matokeo: 7.5 kwa 6.5.

Je, Gukesh ndiye bora kuliko wote?

Si lazima. Magnus Carlsen wa Norway alimaliza mwaka akiwa namba moja kwa viwango. Aliuacha ubingwa kwa hiari: mwaka 2022 alitangaza kuwa hatautetea. Kwa hiyo mchezaji anaweza kuwa na viwango vya juu kuliko bingwa.

Ding alicheza saa nyingi vizuri kwa wiki karibu tatu. Hatua moja ya ngome ndiyo iliyomvua taji.