Grafu ya Knudson iliyotangulia darubini

Mwaka 1971 daktari wa watoto Alfred Knudson alichapisha makala iliyobadilisha namna wanasayansi wanavyoielewa saratani, na ndani yake hamna picha ya seli hata moja. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu za wagonjwa 48 waliotibiwa katika hospitali ya M.D. Anderson mjini Houston, Marekani, kati ya 1944 na 1969, pamoja na ripoti zilizokwisha kuchapishwa na wenzake. Wote walikuwa na retinoblastoma, saratani inayoota ndani ya jicho la mtoto, mara nyingi kabla hajafikisha miaka mitano.

Kwa nini baadhi yao waliugua macho yote mawili wakiwa wachanga, na wengine jicho moja tu, tena baadaye? Knudson aliwagawa makundi mawili. Kwa kila umri alikokotoa ni sehemu gani ya kundi ilikuwa bado haijagunduliwa kuwa na ugonjwa, akaichora kwenye grafu kwa kipimo cha logi. Watoto wa macho mawili walitoa mstari ulionyooka. Wa jicho moja walitoa mstari uliopinda, ukianza kushuka taratibu kisha kwa kasi.

Mwanahisabati anaijua maana yake. Mstari unyooke, basi kinachosubiriwa ni tukio moja, linaloweza kutokea wakati wowote kwa uwezekano uleule. Ukipinda hivyo, yanahitajika matukio mawili. Kwa hiyo mtoto wa kundi la kwanza huzaliwa na hitilafu moja tayari katika kila seli, imebaki moja tu. Wa kundi la pili lazima zote mbili ziiangukie seli ileile ya jicho.

Knudson aliazima pia fomula ya Mfaransa Siméon Denis Poisson, iliyochapishwa 1837 katika kitabu kuhusu uwezekano wa hukumu za mahakama. Alikadiria kwamba aliyerithi hitilafu hupata kwa wastani vivimbe 3. Kwa wastani huo, fomula inasema, watu kama 5 katika 100 hawatapata hata kimoja. Ndiyo maana mzazi mwenye macho mazima anaweza kumrithisha mwanawe ugonjwa ambao yeye mwenyewe haukumgusa. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika kazi ile.

Wazo la saratani kuhitaji hatua kadhaa lilikuwapo. Mwaka 1954 Waingereza Peter Armitage na Richard Doll walionyesha kwamba vifo vya saratani nyingi hupanda kwa kipeo cha 6 cha umri: umri ukiongezeka maradufu, hatari inakuwa mara 64. Lakini Knudson alitaja idadi, mbili, na idadi inaweza kupimwa. Jeni inayopata hitilafu hizo, RB1, ilipatikana 1986. Ni breki ya seli. Kila mtu ana nakala mbili, na saratani huanza zote mbili zikiharibika.

Wakati huo kompyuta ilikuwa imekwisha kuonyesha upande wa pili, pedeli ya mafuta. Mwaka 1983 Russell Doolittle wa California, aliyekuwa akikusanya mifuatano ya protini kwenye kompyuta, alilinganisha protini inayohimiza seli kukua kidonda kinapopona na jeni ya kirusi kinacholeta saratani kwa nyani. Zilifanana mno. Timu ya Michael Waterfield huko London iliona jambo hilohilo mwaka huohuo. Kirusi kilikuwa kimebeba amri ya kukua, jeni iliyotoka kwa mnyama mwenyewe.

Kwa wazazi wa Afrika Mashariki, ambako watoto wengi wenye retinoblastoma hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, habari hii ni ya leo. Ukiona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa taa ya kamera, au macho yake yameanza makengeza, usingoje: mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Akikutwa na ugonjwa huo, wapeleke na ndugu zake wadogo wakapimwe, hata kama macho yao yanaonekana mazima.