Stauning, Thorvald (1873–1942)

Thorvald August Marinus Stauning, waziri mkuu wa Denmark mara mbili na mwenyekiti wa Chama cha Demokrasia ya Jamii kwa muda wa miaka 29, alizaliwa katika mji wa Copenhagen tarehe 26 Oktoba 1873, katika nyumba ya watu wa kazi wasio na akiba, akaingia kiwandani angali mtoto, na kazi aliyoishika ni ya kuchambua biri. Biri zikisha kuviringwa huletwa mezani kwa mchambuzi, naye huzitenga kwa rangi ya jani, hudhurungi na hudhurungi, nyeusi na nyeusi, kwa tofauti ambazo jicho lisilozoea halizioni kabisa, hata sandukuni zikapangwa kana kwamba zote zimetoka mkono mmoja. Ni ajabu kidogo kwamba mtu aliyelelewa katika kazi ya kutenganisha alikuja kupata sifa kwa kuwaketisha meza moja watu wasiopatana.

Njia yake ya kupanda ilikuwa ni ya vyama vya wafanyakazi. Alihariri gazeti la wafanyakazi wa tumbaku, akawa mshika hesabu wa Chama cha Demokrasia ya Jamii mwaka 1898, akaingia bungeni mwaka 1906, na mwaka 1910 akakabidhiwa uenyekiti. Hakuwa mwanachuoni, wala nadharia za usoshalisti hazikumshughulisha sana. Alichokijua barabara ni daftari, mkutano na hesabu ya kura. Mwaka 1916, wakati mzozo wa kuuza visiwa vya Denmark katika bahari ya Karibi ulipoilazimu serikali ya waziri mkuu Zahle kuwaingiza watu wa vyama vingine, Stauning alipewa uwaziri usio na wizara maalumu, akawa wa kwanza wa chama chake kuketi katika baraza la mfalme. Miaka minne baadaye, siku za Pasaka ya 1920, Mfalme Christian wa Kumi alipoiuzulu serikali ile kwa sababu ya mpaka na Ujerumani katika Schleswig, Stauning alimkabili kwa tishio la mgomo wa nchi nzima, na mfalme, baada ya siku chache, alirudi nyuma.

Serikali yake ya kwanza ilidumu tangu Aprili 1924 hata Desemba 1926, na ijapokuwa ilikuwa dhaifu bungeni, ndiyo iliyompa Nina Bang wizara ya elimu, naye akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika Denmark. Mwaka 1929 Stauning alirejea madarakani akishirikiana na chama cha Radikale Venstre, na safari hii hakutoka tena ila kwa mauti.

Tendo linalokumbukwa zaidi lilitendeka nyumbani kwake, katika mtaa wa Kanslergade, makao ya kawaida wala si kasri. Ilikuwa Januari 1933: Waingereza walikuwa wamepunguza ununuzi wa siagi na nyama ya nguruwe, wakulima walikuwa wakinadiwa mashamba yao kwa madeni, zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wenye bima walikosa kazi, na waajiri walikuwa tayari kuwafungia watu milango ya viwanda ili wakubali ujira mdogo. Stauning aliwaita viongozi wa Venstre (si Radikale Venstre waliokuwa washirika wake), chama cha wenye mashamba na mpinzani wake wa siku zote, nao wakajadiliana kwa saa nyingi, hata tarehe 30, siku ile ile Hitler alipokabidhiwa ukansela mjini Berlin, wakapatana. Krona ilishushwa thamani, ikawa 22.50 kwa paundi moja, jambo walilolitamani wakulima. Mikataba ya ujira ikarefushwa mwaka mmoja kwa sheria, na Venstre ikaahidi kutozuia marekebisho ya msaada wa jamii yaliyokwisha kutungwa na waziri wake wa mambo ya jamii, K. K. Steincke. Marekebisho hayo yalikusanya sheria nyingi zilizotapanyika yakazifanya nne, na jambo kubwa ndani yake, kwa maoni ya mwandishi huyu, si kiasi cha fedha bali ni kwamba msaada uligeuka kuwa haki iliyoandikwa, ilhali zamani fukara alingojea hisani ya wakubwa wa mtaa, na aghalabu aliipokea kwa kupoteza haki yake ya kupiga kura.

Katika uchaguzi wa Oktoba 1935 mabango yaliwapa watu hiari mbili tu, Stauning au machafuko, na chama kikapata asilimia 46.1 ya kura, kiasi ambacho hakijakifikia tena. Ndevu zake ndefu zilikuwa zimekwisha kuwa alama ya taifa. Mwaka 1939 jaribio lake la kubadili katiba lilianguka kwa kukosa chini ya asilimia moja ya wapiga kura walioandikishwa, na mwaka huo huo akamwachia Hans Hedtoft uenyekiti wa chama.

Ulinzi wa nchi hakuupa uzito, akiamini kwamba taifa dogo kando ya Ujerumani haliwezi kuwa mbwa wa kulinda lango la majirani wote wa kaskazini, na Mei 1939 Denmark ilitia sahihi mkataba wa kutoshambuliana na Hitler. Tarehe 9 Aprili 1940 Wajerumani waliingia, na baada ya saa chache mfalme na mawaziri walisalimu amri. Stauning alibaki madarakani, akaunda serikali ya vyama vyote. Lakini maafikiano, ambayo pale Kanslergade yalikuwa biashara ya watu wenye haja sawa, sasa yalikuwa na upande mmoja tu wenye bunduki. Mwaka 1941 serikali yake iliwatia Wakomunisti vizuizini, kisha ikaingia katika Mapatano ya Kupinga Komintern, mkataba wa Ujerumani na washirika wake dhidi ya ukomunisti. Wako wanaomtetea kwamba aliwaokoa watu wake na balaa la Poland. Wengine husema alitoa zaidi ya alichoombwa.

Alifariki tarehe 3 Mei 1942, angali katika cheo, akazikwa katika makaburi ya Vestre mjini Copenhagen. Mahali pake palishikwa na Vilhelm Buhl, waziri wake wa fedha, ambaye kabla ya mwaka kwisha aliondolewa kwa shinikizo la Wajerumani.