Kichocho: Tupime Kabla ya Kuhukumu

Kichocho huletwa na minyoo midogo ikaayo katika mishipa ya damu. Huku kwetu Lagangabilili, wilayani Itilima, hatari i malamboni na majarubani: vijidudu hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aogaye, achotaye maji au apandaye mpunga. Dalili yake kuu ni mkojo wenye damu.

Kwa wanawake, ugonjwa huu huweza kuleta vidonda katika via vya uzazi, hata utasa. Ndipo mke mwaminifu hudhaniwa mzinzi na ndoa huingia mashakani. Wapendwa waamini, kabla ya kumshutumu mwenzetu, twende naye zahanati.

Prazikwanteli, dawa wanayopewa watoto wetu shuleni, huua minyoo hiyo. Kwa wadogo zaidi, wa miezi 3 hadi miaka 6, kumepatikana arprazikwanteli, kidonge kiyeyukacho majini, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikithibitisha mwaka 2024.

Hata hivyo, aliyepona huambukizwa tena. Basi tujenge vyoo, tusikojoe majini. Kumlinda jirani ni tendo la upendo.