Betri ya D: umbo lililodumu kuliko viwanda vyake

Betri kubwa ya tochi ina urefu wa milimita 61 hivi na unene wa milimita 34. Umbo hilo ni kongwe kuliko matangazo ya redio, na lilikwisha kuingia sokoni kabla Reli ya Uganda haijafika Ziwa Victoria. Lilitolewa mwaka 1898 na kampuni ya National Carbon ya Cleveland, Marekani. Vifaa vingi vya umeme vya zama hizo leo vimo kwenye makumbusho. Hiki bado kipo kwenye duka la mtaani, rafu moja na viberiti na sabuni.

Kabla ya hapo betri ilikuwa chombo cha majimaji. Ile aliyoibuni Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866 ilikuwa na zinki, kaboni na unga wa manganizi ndani ya maji ya chumvi ya amonia. Ilifaa kwa simu za waya na kengele za milangoni, mahali ambapo haitikiswi. Aliyeivusha ni Carl Gassner, daktari wa Mainz, Ujerumani, aliyepata hataza yake mwaka 1886. Aligandisha yale maji kwa plasta, kisha akaifanya zinki yenyewe kuwa kopo la kubeba kila kitu. Sasa ungeweza kuilaza, kuipindua au kuitia mfukoni bila kulowa. National Carbon ikaichukua njia hiyo, ikaanza na betri ya urefu wa inchi 6 mwaka 1896, na miaka miwili baadaye ikatoa hii fupi.

Ilipata kazi mara moja kwa sababu ya mhamiaji mmoja jijini New York. Akiba Horowitz, mzaliwa wa Minsk katika himaya ya Urusi, alihamia Marekani akajiita Conrad Hubert, na akawa anauza vitu vidogovidogo vya umeme. Januari 1899 mvumbuzi David Misell, aliyefanya kazi naye, alipewa hataza ya taa ya mkononi: bomba la karatasi, betri za D zimepangwa moja nyuma ya nyingine, balbu mbele na kioo cha shaba nyuma ya balbu. Baadhi ya taa hizo waligawiwa polisi wa New York, nao wakazisifu. Betri za wakati huo zilichoka upesi, mwanga ukawa wa kumulika kidogo na kuzima. Hata hivyo, umbo la tochi lilikuwa limekamilika. Kampuni ya Hubert ilikuja kuitwa Ever Ready, na mwaka 1914 ikaunganishwa na National Carbon.

Herufi zilikuja baadaye. Kila mtengenezaji alikuwa na majina na vipimo vyake, na mnunuzi alihangaika. Mwaka 1924 wenye viwanda na wawakilishi wa serikali ya Marekani walikaa pamoja wakakubaliana kuzipanga betri kwa alfabeti, kutoka ndogo hadi kubwa. A na B zimetoweka kwenye maduka ya kawaida, C na D zikabaki. Nje ya Marekani betri hiyohiyo huandikwa R20, na Wajapani waliiita UM-1. Kwangu mimi, makubaliano hayo yana thamani kuliko uvumbuzi wowote uliomo ndani ya kopo. Ndiyo yaliyofanya betri iliyotengenezwa Nakuru, Kenya, ikae sawasawa ndani ya redio iliyoundwa Japani.

Hata mabadiliko makubwa ya kemia yaliheshimu umbo hilo. Katika miaka ya 1950 Lewis Urry, mhandisi Mkanada, alitengeneza betri ya alkali kwenye maabara ya Parma, Ohio. Ili kuwashawishi wakubwa wake, alitia kemia yake ndani ya ganda la betri ya tochi, akaiweka kwenye kigari cha kuchezea na kukishindanisha na kingine chenye betri ya zamani. Kigari chake kiliendelea kuzunguka muda mrefu baada ya mwenzake kusimama.

Kwetu, betri hii ndiyo iliyoipeleka redio mahali ambapo nguzo ya umeme haikufika. Redio ya transista ilihitaji betri nne au sita, na ilitosha. Kenya ilipata kiwanda cha Eveready mjini Nakuru mwaka 1967. Dar es Salaam, kampuni ya Matsushita ilitengeneza zile za chapa ya National. Taarifa ya habari, matangazo ya vifo, mpira na taarabu vyote vilipita kwenye makopo hayo ya zinki. Zikichoka, zilianikwa juani. Hilo halikuwa imani tupu: joto na mapumziko huipa manganizi nafasi ya kuondoa hidrojeni inayoziba njia ya umeme, basi redio husema tena kwa muda. Zikifa kabisa, unga wake mweusi ulisagwa ukapakwa kwenye ubao wa shule.

Wengi bado huamini kwamba betri kubwa ina nguvu zaidi ya ndogo. Zote mbili hutoa volti 1.5. Kubwa imebeba zinki na manganizi nyingi, kwa hiyo inadumu. Taa za LED na simu zenye redio zimepunguza haja ya akiba hiyo, huku bidhaa za bei nafuu kutoka nje, zikiwemo bandia, zikijaza soko. Kiwanda cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014.

Vifaa vyenye nafasi ya D, hata hivyo, havijaisha. Majiko na hita za gesi bado hutumia betri hizo kuwasha cheche. Na kwa asiyezipata, huuzwa makopo ya plastiki yenye urefu na unene uleule, ambayo ndani yake unachomeka betri ndogo ya AA.