Watazamaji wa Nakuru

Nilipokuwa kidato cha tatu, klabu yetu ya drama ilikuwa na michezo miwili. Wa kwanza ulikuwa wa Kiingereza, wa kwenda nao kwenye tamasha. Mwalimu ndiye aliyeuandika, tukashonewa mavazi, tukafanya mazoezi kila jioni. Wa pili ulikuwa wa Kiswahili, tulioutunga wenyewe bwenini, kuhusu chifu na mbuzi aliyepotea. Huo hakuna aliyeuhesabu.

Siku ya wazazi tuliigiza yote miwili. Kwenye ule wa Kiingereza, wazazi walipiga makofi walimu walipopiga, wakanyamaza walimu waliponyamaza. Kwenye ule wa Kiswahili, mama mmoja aliinuka kitini akamnyoshea chifu kidole: "Wewe mwongo! Mbuzi si tumemwona kwako?" Ukumbi mzima ukalipuka. Chifu mwenyewe nilikuwa mimi, na kusema kweli nilisahau maneno yangu yote.

Wakati huo nilidhani tumebuni jambo jipya. Kumbe tulikuwa tumechelewa kwa miaka hamsini hivi.

Twende Kikuyu, Alliance High School, miaka ya 1950. Mwalimu mkuu ni Carey Francis. Kila mwaka shule inaigiza tamthilia ya Shakespeare, na hilo ni tukio kubwa la kalenda. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia 1955 hadi 1958, ameandika jinsi maigizo hayo yalivyomwathiri: mwaka huu As You Like It, mwaka mwingine King Lear. Nje ya lango la shule, hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado inauma. Wanakijiji walikuwa wanahamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji vipya chini ya ulinzi. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakusafiri bila pasi. Ngũgĩ mwenyewe alirudi nyumbani likizo yake ya kwanza akakuta kijiji chao kimebomolewa. Ndani ya shule, mfalme Lear anagawa ufalme wake. Nje, watu wananyang'anywa mashamba.

Lakini katika shule hiyo hiyo kulikuwa na kazi nyingine iliyokuwa ikiendelea, na hii ndiyo watu wengi hawaikumbuki. Mwaka wa 1954 mwanafunzi Henry Kuria alitoa mchezo wa Kiswahili, Nakupenda Lakini. Kimani Nyoike akafuata 1955 na Maisha ni Nini. Gerishon Ngugi akaja 1956 na Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, kisha B. M. Kurutu 1957 na Atakiwa na Polisi. Hebu fikiria jina hilo la mwisho likitajwa mbele ya watu mwaka huo, wakati familia nyingi za Kiambu zilikuwa na mtu wao kizuizini!

Miaka minne, michezo minne, yote kutoka kwa vijana wa shule. Mchezo wa Kuria ulichapishwa 1957, mwaka ule ule Mwingereza Graham Hyslop alipochapisha Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ambayo wengi wetu huitaja haraka tukiulizwa kuhusu tamthilia ya Kiswahili, ilitoka 1969. Yaani vijana hawa walitangulia kwa zaidi ya miaka kumi.

Kinachonigusa zaidi ni mahali michezo hiyo ilikofika. Haikubaki Kikuyu. Iliigizwa hadi Nakuru, katika ukumbi wa Menengai, katikati kabisa ya nchi ya masetla. Shakespeare alikuwa wa walimu na wageni waalikwa. Kiswahili kiliwapeleka vijana kwa karani, dereva na mpishi aliyemaliza zamu yake. Walipochagua lugha, walikuwa wamechagua pia watu wa kuwatazama.

Tamasha za drama za shule zilianza mwishoni mwa muongo huo huo, chini ya British Council, na kwa miaka mingi Kiingereza ndicho kilichokalia kiti cha mbele. Baada ya uhuru Wakenya walizichukua, wakaingiza lugha nyingine, ngoma na masimulizi, na fainali zikaanza kuzunguka nchini badala ya kukaa Nairobi tu. Hizo ndizo tamasha tulizozijua sisi.

Aprili 2025 tamasha za kitaifa zilikuwa Nakuru. Wasichana wa Butere walikuwa na mchezo, Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Malala alikamatwa, polisi wakarusha vitoa machozi, na watu wakazuiwa kuingia. Asubuhi ya tarehe 10 wasichana walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka na kuondoka. Hakukuwa na watazamaji, na bila watazamaji mchezo ni mazoezi tu.

Ni mji ule ule wa Nakuru. Katika miaka ya 1950, chini ya serikali ya mkoloni na pasi zake, vijana wa shule walipata ukumbi na watu wa kuujaza. Sisemi kwamba ukoloni ulikuwa na huruma. Mkoloni hakuona hatari katika mapenzi na uchawi wa jukwaani. Aliyefunga mlango 2025 alijua vizuri zaidi kinachotokea mama anapoinuka kitini na kumnyoshea chifu kidole.

Ndiyo maana siku hizi mwanafunzi akiniambia wanafanya mazoezi ya tamasha, simuulizi kuhusu majaji wala vikombe. Namuuliza wazazi wao watauona mchezo lini, na kama watauelewa.