Muthokoi, Chapati za Malenge na Mwaka wa Kafyu

Wakamba huzipa njaa zao majina. Ya 1961 inaitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa sababu baada ya ukame mvua ilimwagika mpaka barabara zikakatika na chakula kikabidi kiangushwe kutoka angani. Kuna nyingine ya miaka ya 1980 inayoitwa Nikw'a Ngwete. Maana yake ni "nakufa nikiwa nazo mkononi". Pesa ilikuwepo, lakini madukani hakukuwa na kitu cha kununua. Wakikuyu nao wana Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo, ya 1943. Ukiyapanga majina haya unapata historia ya nchi ambayo mimi sikufundishwa darasani, na nilikaa darasani miaka mingi kabla sijaacha chuo.

2020 bado haina jina kama hayo. Tunasema tu "wakati wa korona" ama "ile mwaka ya kafyu" na kila mtu anaelewa. Mimi huukumbuka kwa sufuria. Tulikuwa wanne kwenye nyumba ya vyumba viwili, Eastlands, orofa ya tatu. Mathe alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya town mpaka mwisho wa Machi, walipoambiwa waende nyumbani wangojee simu. Ndugu yangu alikuwa darasa la nane, na shule zilikuwa zimefungwa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo mwaka uliotangulia kwa sababu ya karo, naandika matangazo ya watu mtandaoni kwa malipo ya kuchekesha. Wa nne alikuwa susu yetu, mama yake mathe, ambaye alikuwa ametoka Makueni kuja kliniki ya macho kwa wiki moja.

Hiyo wiki moja ikawa zaidi ya miezi mitatu. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi. Kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi ikaanza tarehe 27, na jioni hiyo hiyo watu wakapigwa na kurushiwa vitoa machozi pale kivuko cha Likoni wakijaribu tu kurudi nyumbani. Tarehe 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akafunga Nairobi: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Susu alikuwa ameacha mahindi yake shambani na mbuzi kwa jirani. Alisikiliza tangazo mpaka mwisho, akauliza, "Na hapa mna kinu?"

Hatukuwa na kinu. Nani ana kinu orofa ya tatu?

Lakini kabla ya kinu, ugali, kwa sababu ndio tulikula karibu kila usiku, na ndio historia yake ilinishangaza zaidi nilipoanza kusoma. Tunauita chakula cha mababu. Mababu wa nani? Mahindi yalitoka bara la Amerika, yakafika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari, na hata jina lake la Kiswahili linayataja kama kitu cha Uhindini. Babu wa babu yangu huko Ukambani aliishi kwa mawele, mtama, wimbi na mbaazi. Mahindi yalikuwa zao la pembeni.

Kilichobadilisha mambo kwa sehemu kubwa ni vita. Kati ya 1914 na 1918 Waingereza na Wajerumani walipigana Afrika Mashariki, na mizigo yao ikabebwa na Waafrika, wengi wao wakichukuliwa kwa lazima. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Ukishuka Kariokor kula nyama siku ya Jumamosi, ama ukifika Kariakoo ya Dar es Salaam, jina unalolitaja ni hilo hilo, limekunjwa na ndimi zetu. Posho yao kuu ilikuwa unga wa mahindi. Mara nyingi ulisagwa vibaya, ukapikwa haraka bila kuni za kutosha, ukaliwa na watu ambao matumbo yao hayakuuzoea. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, na kuhara damu kuliua wengi kuliko risasi.

Huku nyumbani mvua zikakosa, vijana hawapo, halafu mwisho wa 1918 ikaja ile homa kuu ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Watu walikula mpaka mbegu ya mawele na mtama. Mvua iliporudi, mbegu iliyopatikana kwa wingi ilikuwa ya mahindi, kwa hivyo wakapanda mahindi. Nilisoma hayo Mei 2020, nimefungiwa Nairobi na ugonjwa wa mapafu ukizunguka dunia, sahani ya ugali iko kwa magoti. Manze, nilikaa kimya kidogo.

Weupe wa ugali nao una kisa chake. Masetla walipanda mahindi meupe, hasa aina ya Hickory King iliyotoka Afrika Kusini, na viwanda vya wanga vya Uingereza vilitaka meupe. Vibarua wa mashambani wakalipwa sehemu ya mshahara kwa unga huo huo. Neno posho, ambalo ni fungu la chakula la mpagazi au kibarua, likahamia kwenye mashine. Ndiyo maana mpaka leo kinu cha kusagia mtaani tunakiita posho mill. Baadaye, 1964, Kitale ikatoa mbegu chotara ya H611, na mahindi yakachukua nchi. Kwa hivyo ukame wa 1984 ulipofanya serikali ilete mahindi ya njano kutoka ng'ambo, watu walikuwa wameshasahau kwamba kupenda weupe ni kitu walichofunzwa. Susu anayakumbuka. Anasema yalinuka na watoto waliyakataa, "lakini tuliyala." Mpaka leo akiona mahindi ya njano anasema ni ya kuku.

Sukuma wiki sitaieleza sana. Ni ndugu ya kabichi, jina lake linajieleza, na mwaka huo ilisukuma zaidi ya wiki.

Sasa kinu. Susu alikipata kwa mama mmoja wa ploti ya nyuma, mtu wa Kitui, ambaye alikitumia kuegeshea mlango. Kutwanga orofa ya tatu hakuwezekani, kwa hivyo alitwangia chini, pale pa kuanika nguo. Watoto wa ploti nzima hawakuwa na shule, wakaja kutazama kama ni sinema. Mahindi makavu kwenye kinu, maji kidogo ya kulowesha, halafu mchi. Shida si nguvu. Ukipiga sana punje inapasuka na umetengeneza unga. Ukipiga kidogo ganda halitoki. Susu alikuwa anapiga na kugeuza, anapiga na kugeuza, halafu anapepeta kwenye ungo mpaka maganda yanabaki pembeni kama vumbi la mbao. Kinachobaki ni punje nyeupe, laini, zisizo na koti. Hiyo ndiyo muthokoi. Usipotwanga, ukipika mahindi na maganda yake pamoja na maharagwe ama mbaazi, hiyo ni isyo, ile ambayo Nairobi nzima inaiita githeri.

Muthokoi inauzwa hata supamaketi, imefungwa kwenye plastiki. Susu aliishika pakiti moja, akaigeuza, akairudisha. "Hii imetwangwa na nani?" Akaambiwa ni mashine. Hakusema kitu tena.

Hivi ndivyo alivyoipika, na ndivyo ninavyoipika hadi leo. Vikombe viwili vya muthokoi na kimoja cha maharagwe ama mbaazi kavu, vilowe usiku kucha. Asubuhi mwaga hayo maji, weka mapya, bandika. Usitie chumvi mpaka maharagwe yaive; susu anaamini chumvi ya mapema inayafanya yawe mawe, na sijathubutu kumjaribu. Inachukua kama saa mbili, wakati mwingine tatu. Ikishaiva na maji yamekauka karibu yote, kaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia, nyanya mbili, dania, chumvi, umimine muthokoi ndani, uiache ikae kwenye moto wa chini mpaka ianze kushika sufuria kidogo. Hapo pa kushika ndipo patamu.

Saa tatu za gesi hatungeziweza, kwa hivyo tulipikia makaa kwenye baraza. Lile jiko letu, kiuno cha bati na tumbo la udongo, lina hadithi pia. Watu hudhani limekuwepo tangu zamani. Lilitokea mapema miaka ya 1980, mfano wake ukitoka kwa majiko ya Thailand, na mafundi wa jua kali ndio walioligeuza likawa letu. Kitu cha juzi tu, umri wa mathe karibu, na tayari tunakiita cha kienyeji.

Mathe naye alikuwa na mpango wake. Wiki ya tatu bila mshahara, na mwenye nyumba ameshaanza kupiga simu, alinunua unga wa ngano na kuanza kuuza chapati. Mwaka huo ungedhani nusu ya Nairobi inauza kitu: watu wenye magari walikuwa wanauza vitunguu na machungwa kutoka kwenye buti kando ya barabara. Sisi tulikuwa na karai na kona ya ploti. Alikuwa anaanza saa nane na lazima awe amefunga saa kumi na mbili, ili wateja wapate muda wa kufika kwao kabla ya kafyu. Hakuna mtu angehatarisha mgongo wake kwa chapati mbili.

Tukiwa wadogo chapati ilikuwa chakula cha Krismasi, na hiyo si bahati mbaya. Ngano ilikuwa zao la masetla. Lord Delamere alihangaika nayo kule Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa kutu ukimla mashamba, ili mkate wa watu kama yeye upatikane. Namna ya kuifanya chapati ndiyo iliyokuja na Wahindi. Wengi hutaja reli: kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua karibu 32,000 kutoka India, wengi wakiwa Wapunjabi, na ingawa wengi walirudi, maelfu kadhaa walibaki. Ni kweli, lakini nadhani tunaipa reli sifa kupita kiasi. Pwani ilikuwa inafanya biashara na Gujarat karne nyingi kabla ya garimoshi la kwanza, na mapishi husafiri hata bila reli. Ninachoweza kusema ni kwamba bara, chapati ilipanda mlima na watu waliokuja kufanya kazi ngumu mbali na kwao, na unga na mafuta vilikuwa ghali kiasi kwamba sisi tukaigeuza sikukuu.

2020 ikaivunja sikukuu hiyo. Zisizouzwa zilirudi nyumbani, na tukala chapati Jumanne. Ndugu yangu alisema hajawahi kuona umaskini mtamu hivyo, na mathe akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu hoteli iwafukuze, maana ile simu waliyoambiwa waingoje haikuwahi kulia.

Unga ulipoanza kumshinda bei, akaingiza malenge. Unachemsha vipande, unaviponda vikiwa moto, unachanganya na unga, chumvi, sukari kidogo na mafuta. Maji usiweke mpaka uone kama unga unayahitaji. Mara nyingi hauhitaji. Kanda, funika, acha upumzike nusu saa. Sukuma, paka mafuta, kunja kama kamba, zungusha kama konokono, acha tena. Zinatoka na rangi ya dhahabu, laini mpaka kesho yake, na pakiti moja ya unga inatoa chapati kadhaa zaidi. Wateja walidhani ni mtindo wa hotelini. Mathe hakuwakatalia, hata akaongeza shilingi tano.

Jioni, mlango umefungwa na barabara kimya kwa namna ambayo Eastlands haijawahi kuwa kimya, nilimuuliza susu kuhusu ile njaa ya ndege. Alikuwa msichana wa miaka 16. Anasema mngurumo ulisikika kabla ya ndege kuonekana, na wazee wengine walikimbilia vichakani. Magunia mengine yalipasuka yalipogonga ardhi, na walitumia siku mbili wakiokota punje kwenye matope, moja moja. Hakulisimulia kama jambo la huzuni. Alilisimulia akichambua maharagwe, vidole vikienda vyenyewe. Nilimuuliza huu mwaka wetu angeuitaje. Akasema bado, majina hutolewa na waliobaki.

Nairobi ilifunguliwa Julai. Susu aliondoka na basi la kwanza alilopata, barakoa chini ya kidevu, dawa za macho kwenye mkoba. Kinu alikirudisha kwa mama wa Kitui, ambaye sasa anakitwangia. Mahindi yake shambani yalikuwa yameisha, mengine yalivunwa na majirani, mengine na tumbiri. Lakini mbaazi alizopanda Oktoba zilikuwa ndiyo zinajaza maganda.

Agosti tukapigiwa simu kutoka ofisi ya basi tukachukue gunia. Mbaazi mbichi, nusu gunia, bado na unyevu. Tulizimenya watu watatu mpaka saa za kafyu zikapita. Mbaazi mbichi hazihitaji mengi: zichemshe na mahindi yaliyokwisha kuiva, dakika thelathini hivi, kitunguu, chumvi, basi. Mathe alitaka kutia viungo vya hotelini. Ndugu yangu akaificha mkebe.