Wapiga Muziki na Mabwana Zao

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za kale za watu ambao kazi yao ni kuwafurahisha wengine, nao wenyewe mara nyingi huenda kulala na uchungu: yaani wapiga muziki. Tena tumeichagua habari hii kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe.

Mwaka mmoja tuliitwa, sisi na wanafunzi wetu wa kwaya, tukaimbe katika arusi ya mtu mmoja mwenye mali. Tukafanya mazoezi majuma matatu, sauti zote nne, hata wale wa sauti ya chini, ambao desturi yao ni kuvuta nyuma kama punda mwenye mzigo, wakaanza kwenda sawa na wenzao. Siku ilipofika tukapangwa uani karibu na meko, moshi ukatuingia machoni na kooni. Tulipomaliza wimbo wa kwanza, mwenye arusi akaja mbio. Tukadhani amekuja kutusifu. Kumbe alikuja kutuomba tuimbe polepole, maana wageni hawasikilizani katika mazungumzo yao. Basi tukaona heri kunyamaza. Haikupita nusu saa akarudi, akauliza mbona tumenyamaza, je, hatukulipwa? Nasi kwa kweli tulikuwa hatujalipwa.

Tuliporudi chuoni tukafungua vitabu vya historia ili kutuliza moyo, tukakuta kwamba hayo yaliyotupata sisi si kitu. Watungaji wa muziki walio wakubwa kupita wote katika Ulaya walipatwa na makubwa zaidi.

Tuanze na Johann Sebastian Bach, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1685 akafa mwaka 1750. Katika mwaka 1703, naye kijana wa miaka kumi na minane, alipata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa katika mji mdogo uitwao Arnstadt. Mwaka 1705 akaomba ruhusa ya majuma manne aende mji wa Lübeck kumsikiliza mpiga kinanda maarufu, Mzee Buxtehude. Akaenda kwa miguu, mwendo wa maili 250 hivi, yaani kupungua kidogo tu mwendo wa kutoka Dar es Salaam hata Dodoma. Lakini aliyoyasikia huko yakamnasa, na yale majuma manne yakawa miezi minne.

Aliporudi, wakubwa wa kanisa wakamwita mbele ya baraza. Wakamwuliza habari za kukawia kwake, na katika jambo hilo tunawaona wana haki. Kisha wakaleta shtaka la pili: kwamba anapopiga nyimbo za ibada anatia sauti nyingi za ajabu ajabu, hata waumini wanachafukiwa, hawajui wimbo umefika wapi. Tena wakasema kwamba hapo mwanzo alikuwa akipiga kinanda muda mrefu mno, na alipoonywa akageuka mara moja, akawa anapiga kifupi mno. Hapo ndipo tunapomwona kijana mwenyewe, kana kwamba yupo mbele yetu. Aliambiwa afupishe, akafupisha. Kama hawakuridhika, je, ni kosa lake?

Alipokuwa mtu mzima, mwalimu wa muziki katika mji wa Leipzig, taabu yake ilikuwa ya namna nyingine. Sehemu ya mapato yake ilitoka katika ada za arusi na maziko. Katika mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake wa tangu ujana barua ya kulalamika. Akasema kwamba Leipzig ni mji wa gharama, wakubwa wake ni watu wa ajabu wasioupenda sana muziki. Na kwamba upepo ukiwa mzuri na watu wakiwa wazima, mapato yake hupungua. Mwaka uliotangulia hewa ilikuwa njema, watu hawakufa kwa kadiri ya kawaida, naye akapungukiwa na zaidi ya fedha 100 za nchi ile, ziitwazo thaler. Msimcheke upesi. Alikuwa na watoto wengi nyumbani.

Yafaa tueleze kidogo kwa nini mambo yalikuwa hivyo. Siku zile haikuwa rahisi kwa mtunga muziki kuishi kwa kuuza tikiti mlangoni. Aliyetaka kula kila siku ilimpasa kuajiriwa na kanisa, au na mji, au na bwana mkubwa. Na kwa bwana mkubwa, mpiga fidla alihesabiwa pamoja na watumishi wa nyumba, sawa na mpishi na mchunga farasi. Alivaa sare ya nyumba ile.

Ndivyo alivyokuwa Joseph Haydn, mwana wa fundi wa magurudumu, aliyezaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Austria. Tarehe 1 Mei 1761 alitia sahihi mkataba na jamaa ya Esterházy, watu matajiri kupita kiasi katika nchi ya Hungaria. Mshahara ulikuwa gulden 400 kwa mwaka, nao ulikuwa mzuri. Lakini masharti! Avae soksi nyeupe na shati safi, nywele zitiwe unga. Kila siku, kabla ya adhuhuri na baada yake, asimame katika sebule ya kungojea aulize kama Bwana Mkubwa anataka muziki leo. Na nyimbo atakazotunga ni mali ya Bwana Mkubwa peke yake. Asimpe mtu nakala.

Bwana wake wa pili, Nikolaus Esterházy, aliupenda muziki kwa kweli, wala hatusemi kwamba alikuwa mjinga. Taabu ilikuwa kwamba naye alipiga. Chombo alichokipenda kiliitwa baritoni. Kilikuwa kama fidla kubwa ya kushikiliwa kati ya magoti, na nyuma ya shingo yake zilikuwako nyuzi nyingine za chuma, za kudonolewa kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto huku mkono wa kuume unavuta upinde. Wapigaji wa chombo hicho walikuwa wachache sana, na nyimbo zake vilevile. Basi nani atazitunga? Haydn. Katika mwaka 1765 alipewa karipio kwa maandishi, aongeze bidii katika kutunga, na hasa nyimbo za chombo cha Bwana Mkubwa. Akatunga. Katika miaka ile alitunga nyimbo za watu watatu zenye baritoni ndani yake zaidi ya 120. Hebu fikirini: mtu mwenye kipawa kile, asubuhi baada ya asubuhi, anakata nguo kwa kipimo cha kidole gumba cha bwana mmoja.

Tena kuna kisa alichokisimulia Haydn mwenyewe uzeeni. Alidhani atampendeza bwana wake kama yeye naye atajifunza baritoni. Akajifunza kwa siri, usiku, muda wa miezi sita, mkewe akinung'unika kwamba hapati usingizi. Siku moja akaomba ruhusa, akapiga mbele ya bwana wake, akingoja kusifiwa. Bwana Mkubwa hakuonyesha furaha hata kidogo. Alimjibu kwa maneno machache tu kwamba Haydn alipaswa kujua zaidi ya hayo. Haydn alichomwa moyo, kisha akaelewa. Hakuna atakaye kuona mtumishi wake akimshinda katika mchezo wake mwenyewe. Akaiweka ile baritoni chini, akarudia kutunga.

Lakini mtumishi naye ana akili zake. Bwana Nikolaus alijenga jumba kubwa la fahari, Eszterháza, mahali pa upweke penye vinamasi. Vyumba vya wapiga muziki vilikuwa vichache, kwa hiyo wengi wao walikatazwa kuleta wake na watoto, ambao walibaki mji wa Eisenstadt. Mwaka 1772 Bwana Mkubwa alikawia huko hata majira ya baridi yakakaribia. Wapigaji wakamwendea Haydn, wakamlilia. Afanyeje? Kuandika barua ya madai ni hatari. Akatunga simfoni. Ilipofika mwisho wake, mpigaji mmoja akamaliza sehemu yake, akazima mshumaa wake, akachukua chombo chake, akatoka. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Giza likaongezeka, sauti zikapungua, hata wakabaki wapiga fidla wawili tu, nao wakapiga taratibu mpaka wakanyamaza. Yasimuliwa kwamba Bwana Mkubwa alifahamu, na kesho yake watu wakafunga mizigo kwenda kwao. Twaona kwamba kwa kisa hiki tu Nikolaus anastahili kusamehewa zile nyimbo zote za baritoni. Wangapi wangefahamu? Yule mwenye arusi wetu angalipiga kelele kwamba mishumaa inazimika.

Sasa tuje kwa Wolfgang Amadeus Mozart, aliyezaliwa Salzburg mwaka 1756. Huyu hakuwa na subira ya Haydn, na barua alizomwandikia baba yake zimejaa hasira na mzaha. Katika mwaka 1777 alikuwa safarini kutafuta kazi, akapiga mbele ya mtawala wa Mannheim. Alitumaini fedha, maana msafiri hula na kulala kwa fedha. Akapewa saa ya dhahabu. Ilikuwa saa nzuri, lakini ilikuwa ya tano! Akamwandikia baba yake kwamba anafikiri kushonesha mfuko wa pili katika kila suruali yake, ili akienda kwa bwana mkubwa avae saa mbili pamoja, na huyo bwana asipate wazo la kumpa nyingine. Sisi watu wa huku twajua desturi ya kutunza: msikilizaji aliyependezwa humwendea mwimbaji na fedha mkononi, mbele ya watu wote. Mozart angaliishi vizuri sana pwani.

Majira hayohayo akapata kazi kwa tajiri mmoja, Ferdinand Dejean, tabibu aliyepata kutumikia Kampuni ya Waholanzi ya India ya Mashariki, naye alijifurahisha kwa kupiga filimbi. Akataka nyimbo fupi tena rahisi, kwa malipo ya gulden 200. Mozart alikawia, akaleta sehemu tu, akapewa gulden 96. Baba yake alikasirika. Mwana akajitetea kwamba kutunga bila kukoma kwa chombo asichokipenda kunamlegeza. Twaungama kwamba katika shauri hili tuko upande wa yule tabibu. Aliyekula nusu ya mkataba hulipwa nusu.

Lakini kisa cha Paris, mwaka 1778, ni kingine. Mozart alikwenda na barua ya kumjulisha kwa bibi mmoja mkubwa, Bibi de Chabot. Akangojeshwa nusu saa katika chumba kikubwa chenye baridi, hakina hata mahali pa moto. Bibi akaja, akamkaribisha kwa adabu njema, akamwomba apige. Mozart akasema kwamba vidole vimekufa ganzi, akaomba chumba chenye moto. Bibi akakubali kwamba ana haki. Kisha akaketi mezani, akaanza kuchora picha pamoja na mabwana kadhaa, muda wa saa nzima. Madirisha na milango ilikuwa wazi. Mikono ya Mozart ikawa baridi, kisha mwili mzima, kichwa kikaanza kuuma. Mwishowe akapiga kwenye kinanda kibovu, na wale waliokuwa wakichora hawakuinua macho. Alimwandikia baba yake kwamba alipigia viti, na meza, na kuta. Katikati akaacha, akasimama. Hapo ndipo wote wakaanza kummwagia sifa!

Bibi hakumwacha aende, akamngojesha nusu saa nyingine mpaka mumewe arudi. Bwana yule akaja, akaketi karibu na kinanda, akasikiliza kwa moyo wote. Basi Mozart akasahau baridi na maumivu ya kichwa, akapiga kinanda kilekile kibovu kwa furaha. Alikuwa mtu mmoja tu, lakini alitosha.

Mwaka 1781 askofu mkuu wa Salzburg, aliyekuwa bwana wake, akamwita Vienna, akamlisha meza moja na watumishi. Mozart akaandika kwamba walau amepewa heshima ya kuketi juu ya wapishi. Akaomba kuacha kazi, akakataliwa, akaomba tena. Mwezi wa Juni akatolewa mlangoni kwa teke la mkuu mmoja wa nyumba ile. Tangu siku ile akaishi kwa mikono yake mwenyewe, pengine kwa wingi, pengine kwa madeni, hata alipokufa mwaka 1791.

Haydn alingoja zaidi. Bwana Nikolaus alikufa mwaka 1790, mrithi wake akawaachisha kazi karibu wapigaji wote, na Haydn, naye mwenye miaka hamsini na minane, akapata uhuru wake. Akaenda London, ambako watu walilipa fedha zao kumsikiliza. Mwaka 1792 akawapigia simfoni ambayo sehemu yake ya pili yaanza polepole, kwa sauti ndogo, kama mama abembelezaye mtoto. Kisha ghafula wapigaji wote na ngoma hupiga pamoja kwa nguvu, bum! Watu wakasema amefanya hivyo kuwaamsha Waingereza waliokuja wameshiba, wakasinzia. Alipoulizwa baadaye, Haydn alikana. Alisema alitaka tu kuwashangaza kwa jambo jipya, asije akapitwa na mwanafunzi wake wa zamani, Pleyel, aliyekuwa akipiga London wakati huohuo.

Sisi tuliijaribu simfoni hiyo chuoni kwa santuri, jioni moja baada ya ugali. Ngoma ilipolia, mwanafunzi mmoja wa benchi la nyuma alisimama wima, akajibu, "Nipo, mwalimu!"